Baridi Naijua, Giza Ndilo Lililonishinda

Nimezaliwa Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, upande wa mashamba ya chai, ambako mwezi wa saba ukungu huingia mpaka jikoni na nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa bado mbichi. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili ya misitu Umeå, kaskazini mwa Uswidi, hakuna aliyenionea huruma. Pale ofisini walisema kumpeleka mtu wa Mufindi kwenye barafu ni kumrudisha kwao. Kwa upande wa baridi hawakukosea. Nyuzi 20 chini ya sifuri unazimaliza kwa kuvaa nguo juu ya nguo, na nyumba za wenzetu zina mabomba ya joto ukutani, ndani unakaa na fulana. Chumba changu cha kupanga Mafinga mwezi Juni kilikuwa na baridi kuliko chumba chochote nilicholala Uswidi. Kilichoniangusha ni giza, na giza hakuna aliyenitajia.

Sisi huku tuko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kuliko zote, mwezi Juni, ina mchana wa zaidi ya saa 11 na nusu. Ile ndefu ya Desemba haifiki saa 13. Mtu anaweza kuzeeka bila kugundua kwamba kuna tofauti. Umeå iko karibu na nyuzi 64 kaskazini. Desemba jua linachomoza saa tatu na nusu hivi asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana. Saa nane mchana! Huku kwetu ndiyo kwanza watu wanarudi kazini kutoka kula. Na hilo jua lenyewe halipandi, linatambaa juu ya ncha za mipaina upande wa kusini, halafu basi. Juni mambo yanageuka, linakaa angani saa 20 na ushei, unafunga dirisha kwa blanketi ili ulale. Hesabu yetu ya saa, inayoanza asubuhi jua likitoka, imetungwa na watu ambao jua lao halina utani. Kule nilikuwa nasema "saa moja asubuhi" huku nje ni usiku wa manane.

Ilianza Oktoba, polepole. Sikuwa nalia, wala sikuwa na wazo baya lolote. Nilikuwa nalala tu. Nalala kwa muda wa saa kumi, hata kumi na moja, naamka nimechoka kama nimetoka kulima. Nikawa natamani mkate, mkate mweupe na kitu kitamu juu yake, na ukiisha nautafuta mwingine. Suruali zikaanza kubana. Ukurasa mmoja wa kitabu cha upimaji wa misitu niliusoma, nikaurudia, nikafika chini bila kujua umesema nini. Simu za nyumbani zikawa mzigo. Naiona inaita, naiacha. Mama alipofanikiwa kunipata alinisalimu "Kamwene" yake, akanyamaza kidogo, akauliza kwa nini naongea kama mtu aliyeamshwa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Binamu yangu alisema kuna jambo la ukoo halikukamilishwa kabla sijaondoka. Rafiki zangu wa kwaya waliniweka kwenye maombi, na nawashukuru. Bosi wangu wa zamani aliniandikia kwamba ni upweke, nitazoea. Upweke nilikuwa nao kweli. Lakini nimesoma bweni tangu nikiwa na miaka 13, upweke tunafahamiana, na haujawahi kunifanya nilale mchana wa Jumamosi nzima na kuamka kutafuta mkate.

Novemba ndiyo mbaya zaidi, kuliko hata Desemba. Majani yameshapukutika, theluji bado, ardhi nyeusi, lami nyeusi, mawingu yamekaa chini. Theluji ikishaanguka kuna nafuu, kwa sababu inarudisha mwanga hata wa taa ya barabarani. Wenyeji hulisema hilo kila mwaka, nikadhani ni adabu ya kumfariji mgeni. Kumbe ni kweli tupu.

Katika korido yetu ya wanafunzi tulikuwa na jiko moja la pamoja. Jirani yangu, msichana aliyetoka mbali zaidi kaskazini, kila asubuhi alikula uji wake wa shayiri mbele ya kibao cheupe chenye ukubwa wa sinia, kinachowaka mpaka ukuta wa nyuma yake unakuwa mweupe pee. Nilidhani ni kioo cha kujipambia, kumbe ni taa ya tiba ya mwanga. Asubuhi moja alinitazama nikikoroga chai bila kuinywa, akakisogeza kile kibao kikanielekea na mimi, akaendelea kula. Hakusema neno. Watu wa kule wana upole wa namna hiyo, usiotaka mazungumzo. Nilipomaliza chai ndipo akanishauri nimwone muuguzi wa wanafunzi kabla sijanunua chochote.

Ushauri huo una thamani kuliko taa yenyewe. Muuguzi hakukimbilia kunipa jina la ugonjwa. Alitaka damu kwanza: wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya shingo, vitamini D. Alisema uchovu una baba wengi. Akaniuliza kama nina ugonjwa wa macho, kama natumia dawa inayofanya ngozi au macho yachukie mwanga, na kama nimewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, silali na sichoki, natumia pesa ovyo. Swali hili la mwisho lilinishangaza, nikajibu hapana, lakini nilikuja kulikumbuka baadaye. Vitamini D yangu ilikuwa chini. Jua la kaskazini wakati wa baridi halina nguvu ya kuifanya ngozi iitengeneze, na ngozi nyeusi kama yangu inahitaji jua zaidi. Nilipewa matone. Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya: taa hizi hazikupi vitamini D. Taa nzuri imechuja miale ya urujuanimno, ile ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D, kwa sababu kazi yake inapita machoni, haipiti kwenye ngozi.

Namna inavyofanya kazi, kwa kadiri nilivyoelewa, ni hivi. Nyuma ya jicho, mbali na seli za kutuonesha vitu, kuna seli nyingine chache ambazo kazi yake ni kupima tu kama kuna mwanga au hakuna, na hasa ule wenye ubuluu kama wa anga la asubuhi. Zinapeleka habari kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayoendesha saa ya mwili. Giza likiingia, ubongo unatoa melatonini, homoni ya usiku. Mwanga mkali ukifika, unaikata. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake huko Marekani walionesha kwamba kwa binadamu taa ya kawaida ya nyumbani haikutosha kuikata, ilitakiwa taa kali zaidi. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake wakauandika rasmi ugonjwa wa sonona, yaani kuzama kwa moyo na nguvu, inayokuja na majira. Huyu Rosenthal ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Alihamia New York, msimu wa baridi ukamzima, akaanza kujiuliza. Nilipoyasoma hayo nilijisikia nina ndugu. Ilimchukua mtu wa jua kuona kwamba giza linafanya kitu.

Sasa matumizi, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa zao. Mwanga hupimwa kwa luksi. Sebuleni kwako usiku unaweza kuwa na luksi mia moja au mia mbili, ofisini mia tano. Taa ya tiba inatakiwa ifikishe luksi 10,000 machoni, kwa nusu saa, asubuhi, mapema iwezekanavyo baada ya kuamka. Lakini hizo 10,000 zinapatikana kwenye umbali ulioandikwa na watengenezaji tu, mara nyingi ni sentimita 30 hivi, pengine zaidi kidogo kwa taa kubwa. Ukiiweka mwisho wa meza umejinunulia taa ya kawaida kwa bei kubwa. Yangu niliinunua mkono wa pili kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza. Niliiweka upande wa kushoto wa sahani, imeinuka kidogo kuliko macho, karibu kiasi kwamba mkono wangu ukinyoosha nusu tu unaigusa. Huikodolei macho. Unakula, unasoma, unaandika, macho wazi, mwanga unakupiga kwa pembeni. Siku za kwanza kichwa kiliniuma kidogo na macho yakachoka, nikaanza na dakika kumi na tano, nikapanda.

Saa moja yao asubuhi ni saa tatu yetu, kwa hiyo ndio muda ambao Mama alikuwa ameshatoka kulisha kuku na amekaa na chai. Nikaanza kumpigia kwa video nikiwa mbele ya taa. Mara ya kwanza aliponiona aliita majirani waje waone: "Njooni, huyu anang'aa kama malaika wa kwenye kalenda!" Sijui ni kiasi gani cha nafuu yangu kilitokana na taa na kiasi gani kilitokana na kuamka kila siku muda uleule kuzungumza na Mama. Sitaki kujifanya najua.

Ninachoweza kusema ni mpangilio wa mambo yalivyorudi. Kwanza kuamka: baada ya wiki moja hivi macho yalifunguka kabla ya kengele. Halafu hamu ya mkate ikapungua. Akili ya kusoma ikafuata. Moyo ulichelewa kuliko vyote. Na nilipokwenda safari ya mafunzo msituni bila taa, siku chache zilitosha kunirudisha kwenye usingizi ule. Haikuponyi, inakushikilia. Mwenzetu mmoja kutoka Ghana aliiazima usiku amalizie kazi ya darasa, akakesha mpaka alfajiri akitembea koridoni. Ndiyo maana wanasisitiza asubuhi.

Tafiti ninazoziamini zinasema mambo yasiyo na mbwembwe. Mwaka 2006 Raymond Lam na wenzake huko Kanada walilinganisha taa ya luksi 10,000 na dawa ya sonona iitwayo fluoksetini, na makundi yote mawili yalipata nafuu kwa kiwango kilekile. Mwaka 2016 Kelly Rohan na wenzake huko Vermont, Marekani, waliripoti kwamba ukija msimu wa pili wa baridi, waliopata tiba ya mazungumzo walirudiwa na sonona kwa uchache kuliko waliotibiwa kwa taa. Nadhani sababu inaeleweka: taa inabaki mezani, ulichojifunza unakwenda nacho. Muuguzi wangu alinipa vyote viwili kwa namna yake. Alinikatalia kukaa ndani saa sita mchana. Kuwe na mawingu, kuwe na theluji, nitoke nitembee, kwa sababu hata anga la mawingu lina mwanga kuliko darasa lolote. Nikawa natembea kwenye ile miti yao ya gome jeupe iliyojaa mjini, vidole vimekufa ganzi, natukana kwa Kihehe.

Kitu nilichowaonea wivu ni kwamba jamii nzima inakubali kwamba giza lipo na inajipanga nalo. Desemba kila dirisha lina kinara cha taa saba. Mwaka 2012 pale Umeå shirika la umeme la mji liliweka taa za tiba kwenye vituo vya mabasi, ukisubiri basi unapigwa mwanga. Norwei kuna mji wa bondeni, Rjukan, ambao mlima unauzibia jua karibu nusu mwaka. Mwaka 2013 waliweka vioo vikubwa mlimani ili jua lishuke kwenye uwanja wa mji. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba ni mvivu. Huku kwetu mtu akilala sana kipupwe jina lake linajulikana kabla ya saa nne asubuhi.

Nilirudi na taa yangu kwenye sanduku. Umeme wetu na wao ni volti 230 zote, tatizo ni plagi yao ya miguu miwili ya mviringo, nikanunua adapta dukani Mafinga. Kaka yangu alipoiona alifurahi: taa ya vifaranga! Nikamweleza haina joto. Akanisikiliza kwa heshima zote, na jioni nikaikuta imening'inizwa bandani. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona ya mbali, wanapandana migongo na kulia kwa pamoja, na katikati ya banda pale kwenye mwanga mweupe hakukuwa na hata mmoja. Ndipo akaelewa. Akarudisha jiko lake la mkaa bandani, taa akanirudishia imejaa vumbi la pumba.

Mimi mwenyewe siitumii. Watu wakisikia habari hii huniuliza kama taa itawafaa kwa uchovu wa Juni na Julai, na wale wa Makete na Tukuyu ndio huuliza zaidi, maana ukungu wao hauna mfano. Kwa maoni yangu haifai kupoteza pesa. Mchana wetu haupungui kiasi cha kuichanganya saa ya mwili. Tunachofanya ni kujifungia. Mama yangu kipupwe alikuwa anahamia jikoni, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, anakaa kwenye kigoda karibu na moto tangu asubuhi mpaka jioni, akilalamika kwamba mwili mzito. Nilipima kwa programu ya simu pale alipokaa: makumi machache ya luksi. Nikatoka barazani, ukungu umefunika mpaka banda la kuku halionekani. Programu ikasoma maelfu. Ukungu uleule tunaouita giza! Vipimo vya simu si vya maabara, lakini tofauti ya namna hiyo haihitaji maabara.

Tukahamishia kiti chake barazani, upande wa mashariki, na blanketi la magoti na sweta mbili. Chai ya asubuhi anainywea huko, kupukuchua mahindi huko. Alikataa wiki ya kwanza, akasema nimemfukuza kwenye moto wake. Sasa anakaa kwa sababu anaona kila anayepita njiani na habari zote zinaanzia kwake. Na zaidi ya mwanga, nilitaka atoke kwenye lile jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa, maana moshi usioonekana wa mkaa huua watu usingizini kila msimu wa baridi. Ila nisieleweke vibaya: sonona haisubiri majira, na mtu ambaye wiki zinapita hapati usingizi, au usiku yuko macho na mchana analala tu, hali chakula, hataki kitu chochote alichokuwa anakipenda, huyo dawa yake si kiti cha barazani. Aende hospitali. Kwa huku kwetu Nyanda za Juu, rufaa ya kanda iko Mbeya.

Mwaka huu kijana wa kaka yangu amepata nafasi Umeå, misitu vilevile, anaondoka Agosti. Ameshanunua makoti mtumbani mpaka sanduku halifungi. Mimi nimemwambia mambo mengine: mwezi Septemba, kabla giza halijaja, aende kwa muuguzi wa wanafunzi, apime damu, aulizie taa, asisubiri kuzama ndipo aanze kuogelea. Taa yangu nimemkatalia. Ni ya mirija ya zamani, mirija hiyo hufifia kwa kutumika, na kule atapata mpya yenye kuandikwa umbali na luksi zake.

Halafu nikamgusia lile swali la mwisho la muuguzi. Kwenye ukoo wetu tulikuwa na baba mkubwa, marehemu sasa, ambaye watoto wote walimjua kwa misimu yake. Kuna miezi alijifungia ndani asimsemeshe mtu. Kuna miezi halali kabisa, anaimba usiku, anauza ng'ombe wawili, anachimba msingi wa nyumba tatu kwa mpigo. Hakuna daktari aliyewahi kumwona kwa ajili hiyo. Lakini mwanga mkali unaweza kumwasha mtu mwenye asili hiyo akapitiliza, na damu ni moja, kwa hiyo muuguzi anapaswa kujua kabla kijana hajakaa mbele ya taa yoyote.

Kaka hakupenda. Alisema mambo ya ukoo hayasafirishwi kwenda Ulaya, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa mipango mingi tu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, Mama yuko upande wake. Kijana alinyamaza kwa heshima, kisha akanifuata nje akaniuliza, "Shangazi, nimwambie hivyohivyo, na nyumba tatu?" Nikamwambia hivyohivyo, na ng'ombe pia. Akaandika kwenye simu, kwenye orodha ileile ya pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Baba yake mpaka leo hajaafiki.